Mwaka wa Makala ya Padre Montaño

Ukimuuliza komadre wangu Lastenia Cueva kama mvua itanyesha leo, hatakujibu ndiyo wala hapana. Atakwambia: "Kasema Doña Berta wa duka la mishumaa, asubuhi hii, akiwa mlangoni kwake, ila yeye mwenyewe kasikia redioni." Basi amua mwenyewe. Ndivyo alivyo tangu tukiwa wasichana. Umbea ambao sisi wengine tunaupokea na kuupitisha, tukiutia chumvi kidogo, yeye haupitishi mpaka ataje kautoa kwa nani na huyo naye kautoa wapi. Watu walimchoka. Mume wangu akimwona anakuja husema, "Haya, wakili kafika na mashahidi wake." Mimi nilimpenda hivyo hivyo. Nilimwomba asimamie ubatizo wa mwanangu wa kwanza, na tangu siku ile hatuitani kwa majina, ni komadre huku, komadre kule.

Sasa niambieni: inakuwaje mtu wa namna hiyo, kati ya watu wote wa mji huu, ndiye aandikiwe na chuo kwamba amebuni chanzo? Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na bado linanizungusha kichwa. Nitalisimulia lilivyokuwa, na mwenye akili kunishinda anieleweshe.

Lastenia ni mwalimu wa darasa la nne huko bondeni Guayllanes, chini kabisa ya mji wetu, kwenye joto na miwa. Alizaliwa hukohuko. Baba yake, Don Abdón Cueva, alikuwa mkata miwa wa shamba kubwa, na alikufa mwezi wa Machi mwaka 1985, daraja la Guayllanes lilipoanguka na wakata miwa waliokuwa wakirudi kutoka kwenye kinu. Mto ulikuwa umejaa. Wengine waliokotwa mbali sana.

Kabla hata ya mazishi kwisha, ikawa inasemwa kwamba walikuwa wamelewa. Eti walicheza ngoma juu ya daraja. Gazeti likaandika hivyo, halafu watu wakasema hivyo kwa sababu gazeti limeandika, halafu walimu wakawafundisha watoto hivyo kwa sababu watu wanasema. Lastenia alikuwa akiuliza kila mara, "Nani aliwaona wakicheza?" Wale waliokuwa darajani wote walikuwa makaburini. Nyumbani kwao kila mtu alijua kwamba Don Abdón alikuwa ameuona ubao wa daraja umeoza, na alikwenda kwenye ofisi ya shamba kusema, akachekwa. Lakini hayo ni ya nyumbani. Nani anayasikiliza ya nyumbani kwa mkata miwa?

Miaka ile ya tisini Lastenia alijiandikisha chuoni, masomo ya Jumamosi na Jumapili, ili apate shahada. Kwetu shahada si karatasi ya ukutani. Mwalimu asiye nayo ni mwalimu tu. Akiipata anakuwa Licenciada, na kuanzia hapo padre, muuza nyama na dereva wa basi wote wanamwita hivyo, hata kama jina lake wamelisahau. Mama yake, Doña Zoila, alikuwa anaumwa moyo na alishasema wazi: "Mimi nataka nikuite Licenciada kabla sijaondoka. Mengine yote nimeshaona."

Tasnifu yake ilikuwa historia ndogo ya bonde la Guayllanes, kwa ajili ya watoto wa darasa la nne. Na hapo ndipo alipoikuta makala ya Padre Montaño.

Aliikuta kwenye chumba cha majarida cha chuo, ndani ya toleo moja la Jarida la Historia ya Kusini ambalo kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana pembeni, hazijakatwa kwa kisu, maana hakuna aliyewahi kulifungua. Padre Teófilo Montaño ndiye aliyewazika wale wafu. Baada ya mazishi alipita nyumba kwa nyumba, akauliza, akaandika. Akaandika kwamba mbao zilikuwa zimeoza, kwamba ofisi ya shamba iliambiwa, na kwamba aliyekwenda kuiambia alikuwa Abdón Cueva. Jina zima, ukurasa wa hamsini na mbili.

Lastenia alinijia mbio dukani kwangu, pale ninapopiga taipu tasnifu za wanafunzi, nakala ya makala mkononi. "Komadre! Baba yumo! Baba yumo kwenye jarida!" Nikamkalisha, nikampa maji. Jioni ile alikwenda bondeni akamsomea mama yake, ambaye hajui kusoma. Doña Zoila akamwambia asome tena. Halafu akasema, "Na wewe utakitia hicho kwenye kitabu chako?"

"Nitakitia, mama. Na jina lake lote."

Basi tukaanza kupiga taipu, na hapo ndipo balaa la marejeo lilipoanza. Msimamizi wake alimpa karatasi ya kanuni. Katibu wa kitivo akampa nyingine, haifanani. Kitabu, jina lake unalipigia mstari. Makala hupigii mstari, unaitia kwenye alama za kunukuu, na mstari unaupiga chini ya jina la jarida. Kwa nini? Sijui. Mimi nilipiga mstari kila kitu, nikaona kimependeza. Lastenia akanirudishia ukurasa. Nikaurudia, nikasahau namba ya toleo. Nikaurudia, nikamwandika padre kwenye herufi ya R, kwa kuwa jina lake la mwisho ni Ruiz.

"Komadre," akasema, "Ruiz ni ukoo wa mama yake. Sisi tunaanza na wa baba. Umemnyang'anya padre wa watu baba yake!"

"Huyo padre si amekufa? Atanishitaki kwa nani?"

"Usicheze. Anayetaka kuitafuta hii makala ataipataje?"

"Nani ataitafuta, komadre? Kurasa zilikuwa hazijakatwa!"

Hakucheka. Nikarudia ukurasa. Mwishowe ukakaa sawa: Montaño Ruiz, Teófilo, jina la makala kwenye alama zake, jina la jarida limepigiwa mstari, toleo la 14, mwaka 1983 kwenye mabano, ukurasa wa 41 hadi 60. Niliutazama, nikajiona nimesoma.

Mtaniuliza kama sikuona. Sikuona. Na yeye hakuona. Alikuwa amenakili mwaka kutoka kwenye jalada, kama kanuni zote mbili zilivyoagiza, na macho yetu yote yalikuwa kwenye nukta na mikato.

Jopo la chuo liliona. Tasnifu ilirudi na kalamu nyekundu pembeni mwa ukurasa: "Makala ya 1983 inaelezaje daraja lililoanguka 1985? CHANZO CHA KUBUNI." Chini yake, kwa mwandiko mwingine, kwamba mwanafunzi aje ajieleze siku ya Ijumaa, la sivyo tasnifu itakataliwa kwa udanganyifu.

Sijawahi kumwona Lastenia vile. Alikaa kwenye kiti cha wateja akitazama lile neno. "Kubuni," akasema. "Mimi, komadre? Mimi?" Akalia kwa hasira, na mimi nikalia naye, halafu nikalitukana jopo zima mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akaondoka zake.

Tulirudi chumba cha majarida kulitazama jarida lenyewe. Jalada: 1983. Ukurasa wa kwanza: 1983. Ndani, Padre Montaño anasimulia mambo ya 1985 kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyekwisha kuyaona. Nilidhani ni mambo ya roho. Lastenia akafunua mpaka ukurasa wa mwisho kabisa, ule ambao mchapaji huweka jina lake, na pale chini kwa herufi ndogo pameandikwa: limechapwa Juni 1986.

"Sasa ni upi?" nikauliza.

"Sijui, komadre," akasema. "Ngoja waseme wao."

Ijumaa nikamsindikiza. Jopo lilikuwa na watu watatu nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa Dakta Samaniego, mzee wa tai, mwanahistoria. Kulia kwake Licenciada Obdulia Riofrío, mwenye kalamu nyekundu. Kushoto Injinia Bustán, ambaye kazi yake ilikuwa kulinda kanuni za kitivo. Mimi nikakaa nyuma, karibu na mlango, na mkoba wangu wa karatasi.

Lastenia aliweka jarida mezani. Akaeleza jalada linasema nini na ukurasa wa mwisho unasema nini. Dakta Samaniego akalichukua kwa mikono miwili, uso ukamlainika.

"Hili nalijua," akasema. "Nililihariri mimi mwenyewe. Mwalimu, samahani sana, hujabuni kitu. Miaka ile hatukuwa na karatasi, na mtambo ulikuwa unachapa vitabu vya shule kwanza. Tukachelewa. Toleo la 1983 likatoka 1986. Lakini hatukuruka mwaka hata mmoja!" Alisema hilo la mwisho kifua mbele.

Nikadhani yamekwisha.

"Ngoja kwanza, Dakta," akasema Licenciada Riofrío. "Kama lilitoka 1986, kwa nini mliandika 1983?"

"Kwa sababu ni toleo la 1983."

"Lakini lilitoka 1986."

"Lilitoka 1986, toleo la 1983."

"Na makala iliandikwa lini?"

"Padre aliniletea mwisho wa 1985. Toleo la 1983 lilikuwa bado lina nafasi."

Nikashika kichwa. Licenciada Riofrío akavua miwani. "Mimi siwezi kusaini 1983," akasema. "Msomaji atadhani huyo padre alikuwa nabii. Mwalimu aandike 1986."

"Haiwezekani!" akasema Dakta. "Mtu akitafuta toleo la 1986 atapata toleo la 17, na humo hamna Padre Montaño. Hamna kabisa. Humo mna makala kuhusu nyumbu."

"Na hilo la 1986 lilitoka lini?" akauliza Injinia.

"Themanini na tisa."

Mama Bikira! Nikajiuliza hilo la themanini na tisa lilitoka lini, nikaogopa kuuliza.

Lastenia alikuwa amesimama muda wote huo. Akasema taratibu, "Madakta, naomba. Si niandike yote? Jalada linasema 1983, mchapaji anasema 1986. Msomaji atajua."

Injinia Bustán akafungua kijitabu chake cha kanuni, akagonga mstari mmoja kwa kidole. "Mwaka mmoja, Mwalimu. Ndani ya mabano, mwaka mmoja. Kanuni haina nafasi ya hadithi. Leo nikikuruhusu wewe miwili, kesho nitaletewa mitano."

Walibishana mpaka chai ikaletwa na ikapoa. Akisaini huyu, yule hasaini. Si watu wabaya. Ningependa wangekuwa wabaya, ningejua wa kumchukia. Kila mmoja alikuwa na haki yake, nami nilikubaliana na kila aliyekuwa akisema mpaka mwenzake alipofungua mdomo. Halafu Injinia akasema, "Kwani hii makala ni ya lazima?" Niliona mabega ya wote watatu yakishuka, jinsi watu wanavyofanya gari lililokwama linapotoka matopeni.

"Itoe, Mwalimu," akasema Dakta kwa upole. "Itoe, tutasaini leo leo."

"Na ile sentensi ya ofisi ya shamba? Kwamba waliambiwa?"

"Sentensi isiyo na chanzo haiwezi kubaki. Unajua hilo kuliko sisi."

"Mama yangu anajua. Niweke kwamba kasema mama yangu."

"Mjane wa marehemu?" akasema Licenciada Riofrío, na kusema kweli sauti yake ilikuwa na huruma. "Ana upande, mwanangu. Hatakubalika."

Lastenia akawatazama mmoja mmoja. "Lakini mnakubali kwamba ni kweli?"

"Kweli tupu," akasema Dakta. "Padre Montaño hakuwa mtu wa uongo."

"Na makala ipo?"

"Si hii hapa mezani?"

"Na daraja lilianguka themanini na tano?"

"Nani asiyejua?"

"Basi kinachokosekana ni nini?"

Injinia alifunga kijitabu chake. Nje kwenye korido nikamshika mkono nikamwambia, "Komadre, toa. Mama anaumwa. Pata shahada kwanza, mengine utayaona mbele." Akatikisa kichwa kama mtu aliyechoka, akanipa ukurasa niurudie. Nilipiga: Daraja la Guayllanes lilianguka mwaka 1985 kutokana na mvua kubwa. Ukurasa ukabaki na nafasi nyeupe chini, kwa hiyo nikasukuma mistari ili isionekane.

Alitetea tasnifu yake, akafaulu, wakampigia makofi. Ilibaki jambo moja tu: kupeleka nakala iliyojalidiwa kitivoni Jumatatu, wakiipokea ndipo jina lake liandikishwe. Jumapili kukawa na sherehe kwa Doña Zoila bondeni. Tulichoma cuy, wale wanyama wadogo wa kufugwa jikoni, kulikuwa na humita za mahindi na supu ya ndizi mbichi, na vijana wa shule walileta gitaa. Doña Zoila alikuwa amevaa shali yake nyeusi ya misa. Asubuhi nzima alikuwa akiita: "Licenciada, lete chumvi! Licenciada, mbwa huyo!" Kila akiita, watu wanacheka na yeye anacheka zaidi.

Kitabu kilipita mikononi mwa watu, jalada jekundu, herufi za dhahabu. Kilipomfikia yeye alikiweka mapajani, akafuta kidole kwenye aproni, akasema: "Haya, Licenciada. Niwekee kidole mahali alipo baba yako."

Gitaa liliendelea kidogo, halafu likanyamaza.

"Hayumo, mama."

"Hayumo vipi?"

Lastenia akapiga magoti mbele ya kiti chake akaeleza. Jarida la themanini na tatu, lililotoka themanini na sita, lenye mambo ya themanini na tano. Huyu hakusaini hivi, yule hakusaini vile. Nilikuwepo chuoni na bado sikuweza kumfuata. Doña Zoila alisikiliza mpaka mwisho, macho yakienda kwenye mdomo wa binti yake na kurudi kwenye kitabu.

"Wamesema alikuwa amelewa?"

"Hapana, mama. Hawakusema hivyo."

"Wamesema hakulewa?"

"Hawakusema hivyo pia."

"Sasa wamesema nini?"

"Kitabu kinasema daraja lilianguka."

Bibi akakifunga. Hakukasirika, ningesema alikuwa anatafuta kitu ambacho sasa hivi alikuwa nacho mkononi. Akampa kitabu binti yake. "Nenda ukale, Lastenia," akasema. "Chakula kinapoa."

Hakumwita Licenciada tena siku ile. Nadhani hata hakukusudia.

Jumatatu nilimkuta mlangoni pa duka langu kabla sijafungua. Alikuwa na kile kitabu chekundu, na kisu. Alikuwa ameshaukata ule ukurasa.

"Washa mashine, komadre."

"Komadre, leo ndiyo mwisho wa kupeleka. Watakunyima."

"Najua."

"Miaka yote ile! Jumamosi zote, Jumapili zote!"

"Nazijua, zilikuwa zangu. Washa."

Nikawasha kwa hasira, sijui nimkasirikie nani. Nikaweka karatasi. Nikapiga sentensi ya wakata miwa na mbao zilizooza, na jina la Abdón Cueva aliyekwenda kusema. Nikafika kwenye mabano nikasimama.

"Niandike mwaka gani?"

"Andika hivi," akasema. "Kasema Padre Teófilo Montaño Ruiz, kwenye jarida ambalo jalada lake linasema 1983, na mchapaji wake anasema 1986, kuhusu daraja lililoanguka 1985."

"Haitaingia kwenye mabano."

"Toa mabano."

Tuliubandika ukurasa kitabuni, akaenda nacho kitivoni. Injinia Bustán alikifungua palepale alipopaogopa, akasoma, akakirudisha juu ya meza, akamwomba afikirie tena. Lastenia akamwambia alishafikiria. Walimpa muda, wakamwongezea, Dakta Samaniego mwenyewe alimtuma mtu dukani kwangu nimshawishi, na mimi, sijui kwa nini, sikumshawishi. Muda ukaisha. Jina lake halikuandikishwa, na mpaka leo yeye ni mwalimu wa darasa la nne, mwalimu tu. Watoto wa darasa lake ukurasa ule wanausoma.

Lakini Jumatatu ile ile, alipotoka kitivoni, tulipanda basi pamoja tukateremka bondeni. Doña Zoila alikuwa uani anachambua maharage. Lastenia hakueleza kitu. Alikifungua kitabu, akaushika mkono wa mama yake, akaweka kile kidole kwenye karatasi.

"Hapa?" akauliza bibi.

"Hapa, mama. Abdón Cueva."

Bibi alikiacha kidole pale muda mrefu, kana kwamba akikiondoa herufi zitatembea. Mimi nilikuwa nimesimama na koti langu, nataka kumwambia kwamba shahada ataikosa, kwamba ndiyo inakwenda, maana niliona ni haki yake kujua. Lastenia akanitikisia kichwa. Hapo bibi akainua macho.

"Asante, Licenciada," akasema.

Akaendelea kumwita hivyo mpaka alipokufa. Hakuna mwingine aliyewahi kumwita.